AC Isiyoshika Kutu

Juzi nilikuwa katika duka la manukato huko Kuze. Feni ya mashine ya nje ya AC ilikuwa haizunguki mpaka isukumwe kwa kijiti. Fundi akaichomoa kapasita iliyokufa, kile kifaa kinachoipa feni nguvu ya kuanza. Alipotaka kuunganisha mpya, akakuta nyaya zote ni nyeupe: zimepakwa rangi, na mchoro ulio ndani ya kifuniko pia, hata haijulikani waya upi uende wapi.

"Mpumbavu gani kazipaka rangi?"

Mzee mwenye duka akapuliza kahawa yake. "Ni wewe, mwanangu. Mwaka jana. Ulisema chumvi ya bahari isizile."

Fundi akakwaruza waya mmoja kwa ukucha, akatafakari. "Lakini tazama, mzee. Kutu hakuna."

Kweli hakuna. Tuliketi tukilowa jasho kati ya chupa za udi na waridi, tukiistaajabia mashine itakayodumu miaka mingi bila kufanya kazi.