Taarifa Isiyo na Uongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu alinipa daftari akaniambia, "Kijana, andika ulichokiona. Maoni baki nayo." Nikalishika neno hilo kama amana. Ofisi yetu ilikagua maduka ya Kariakoo, na miaka ile ya Ujamaa sukari ilikuwa ya mgawo. Mwenye duka akiificha, kamati inamnyang'anya leseni.

Mwaka wa pili nikakagua duka la Mama Aisaria, mjane wa Kichaga mwenye watoto watatu. Rafuni sukari hamna. Chumba cha nyuma, gunia zima. Nikaandika, na kama ilivyokuwa desturi nikamsomea: "Dukani hakuna sukari. Chumba cha nyuma lipo gunia moja."

"Hiyo si yangu, ni ya khitma ya kwa Bi Mwanaidi," akasema.

"Mama, mimi naandika nilichokiona." Ujuaji ulinijaa, nakiri.

Lakini sikutulia. Jioni nikaenda kwa Bi Mwanaidi, mtaa wa pili, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Akanieleza kwamba kila jirani alimega mgawo wake kwa ajili ya kisomo cha marehemu, na kwa kuwa paa lake lilivuja, wakaiweka kwa Mama Aisaria.

"Mtaa mzima unajua," akasema. "Wewe uliuliza?"

Sikuuliza. Niliona aibu mpaka miguuni.

Asubuhi nikamkuta Mkaguzi Mkuu ameshika taarifa yangu.

"Shikamoo mzee. Naomba niiandike upya."

"Marahaba. Kuna uongo humu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Kamati inataka kujua nani kaficha sukari. Mimi nimeandika sukari iko wapi. Wakisoma hivi, mengine watajijazia wenyewe."

"Ukibadilisha, watasema umehongwa."

"Waseme. Hiyo ya kwanza siitii sahihi."

Akanisogezea karatasi mpya. Nikaandika gunia ni la nani, limetoka wapi na kwa nini liko pale, majirani wakatia dole gumba. Leseni ikabaki. Mimi nikahamishiwa Ilala na minong'ono ikanifuata huko, nikakaza buti mpaka nikastaafu.

Nyie mnaoandika taarifa leo, kweli peke yake isiwalaze usingizi. Jiulizeni inahusu nini, na ndicho mlichoulizwa?

Mama Aisaria aliendelea kuniuzia kila nilipopita, ila kunisalimia hakunisalimia tena. Wanangu husema yule mama ana kinyongo. Hana kinyongo. Ile taarifa ya kwanza nilimsomea mimi, huku nikimtazama usoni, na jibu lake sikuliandika.