Barabara Niliyokataa Kuvuka

Nimepita mipaka mingi, na shule niliiacha darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asije akaniomba nimwonyeshe Uruguay kwenye ramani. Ramani siijui. Kufika ndiyo najua.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na chumba cha kushona pale Matonge, mtaa wa Brussels, mashine mbili, zote nilizinunua mwenyewe. Nilikuwa napanga Koekelberg, mtaa mwingine. Binti yangu alikuwa ameolewa na kijana wa Uruguay ambaye walijuana Etterbeek, Brussels hiyohiyo, wote wawili wanafunzi, na walipomaliza masomo kijana akaenda naye kwao. Sikuwa na neno. Nilimwambia binti kitu kimoja tu: siku ukizaa nitakuja mwenyewe, kwani kwetu Bukavu mtoto wa kwanza anaogeshwa na bibi yake, si na nesi. Mimba ilipoingia mwezi wa nane nikafunga chumba, nikanunua boksi la chokoleti zile nzuri, nikapanda ndege mpaka Brazil, na kutoka huko basi.

Chokoleti hazikuwa za mkwe. Zilikuwa za askari. Mimi nimekulia kwenye daraja la Ruzizi, mpakani mwa Congo na Rwanda, nikivuka na maharage kichwani, na pale hutoi karatasi mkono ukiwa mtupu. Mara moja, karatasi yangu haikuwa na muhuri, ule tunaouita cachet, nikalala siku mbili kwenye chumba cha askari, sakafuni. Mtu aliyelala pale hasahau.

Kwa hiyo safari nzima nilikuwa nalinda kile kitabu cha bluu cha kusafiria cha mkimbizi, nimekishonea mfuko ndani ya sketi. Miaka minne nilikingoja Brussels. Nilijua kitu kimoja kikienda ovyo ndani yake, kurudi kutakuwa kugumu, na mashine zangu zitabaki Matonge zinanisubiri bure. Hilo ndilo lilikuwa kichwani mwangu basi lilipotushusha asubuhi kwenye ule mji wa mpakani. Upande wa Brazil wanauita Chuí, upande wa Uruguay Chuy.

Nilishuka nikatafuta mpaka. Sikuuona. Hakuna daraja, hakuna mti uliolazwa barabarani, hakuna hata kamba. Kuna barabara moja pana, katikati magari yameegeshwa, huku maduka, kule maduka, watu wanavuka na mikate yao. Ndani ya basi nilikuwa nimeongea na vijana wawili Wabelgiji wenye mifuko mikubwa mgongoni. Nikawauliza.

"Mpaka ndio hii barabara, maman," mmoja akasema. "Hapa ni mji mmoja tu." Wakavuka, wanacheka, wakaenda kutafuta kahawa.

Mimi nikabaki ukingoni na sanduku langu. Na ng'ambo namwona binti yangu! Tumbo liko mbele yake, anapunga mkono, mume wake yuko pembeni na kofia.

"Maman! Vuka! Unangoja nini?"

"Niko nangoja mupaka!"

"Mupaka ni hii barabara! Uko unasimama juu yake!"

"Alors, askari wako wapi?"

"Hakuna askari, maman! Vuka tu!"

Hakuna askari. Maneno hayo kwa mtu wa Ruzizi hayamaanishi uhuru, yanamaanisha askari amejificha. Nikageuka huku na huku na kweli, nikamwona: mwanaume mnene, suruali ya buluu, mkanda mpana, viatu vya jeshi, amesimama mbele ya mlango wa vioo. Nikashukuru Mungu. Nikatoa kitabu changu, nikakiweka juu ya boksi la chokoleti, nikamnyooshea kwa mikono miwili kama inavyopaswa.

Akakitazama kitabu. Akaitazama sura yangu. Akafungua boksi, akala moja, akafumba macho. Kisha akanirudishia kitabu kwa heshima kubwa na kuita wenzake wa ndani, na ndani nikaona chupa za manukato zimejaa ukuta mzima. Nilikuwa nimempa zawadi ya serikali mlinzi wa duka la manukato.

Wakatoka wasichana watatu wa dukani, kila mmoja akachukua ya kwake. Mmoja akanibusu.

Binti yangu alipoona hayo akavuka barabara. Nusura moyo wangu usimame.

"Rudi! Rudi kule! Unataka kuzalia gerezani?"

"Maman, asubuhi nimekuja huku kununua maziwa."

"Na wakakupigia cachet ya maziwa?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. Mume wake naye akavuka, akaniamkia kwa Kifaransa chake kizuri, halafu akanishika mkono anivushe. Mkono wangu! Mkwe!

"Mwambie mume wako aniache mkono."

"Hajue, maman."

"Basi afundishwe. Mama mukwe hashikwe mkono katikati ya barabara kama mbuzi ya soko."

"Batu wanatuangalia."

"Waangalie. Nauli nimelipa mimi."

Nikakaa juu ya sanduku langu, upande wa Brazil, nikamwambia wazi: nimetoka Ubelgiji na karatasi, nitaingia kwao na karatasi, na kama hakuna wa kupiga muhuri nitarudi nilikotoka. Mkwe akaeleza kwamba watu wa pale wanavuka mara kumi kwa siku. Nikamwambia watu wa pale si wakimbizi.

Sasa nikiri jambo. Binti yangu alikuja akakaa kando yangu juu ya sanduku, akavua viatu, na nikaona miguu yake imevimba kama mikate. Jua lilikuwa limepanda. Basi la kwenda kwao lilikuwa linaondoka saa sita, na sisi bado tunabishana. Hapo nilikaribia kusema haya, tuvuke. Nilikwisha simama. Ningevuka kwa ajili ya ile miguu, na lolote lije.

Aliyetuokoa ni yule mlinzi. Alikuja, bado anatafuna, akamuuliza mkwe tatizo la mama ni nini. Wakaongea. Nikaona sura ya mkwe inabadilika polepole.

"Anasema nini?" nikamuuliza binti.

"Anasema mihuri iko. Lakini inje ya muji. Ya Brazil nyuma kule ulikotokea, ya Uruguay mbele, kwa barabara kubwa. Basi lako lilipita bila kusimama sababu karibu wote walikuwa batu ya hapa."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unalala, maman."

Bon. Hilo nalo nakiri.

Mlinzi mwenyewe akasimamisha teksi na kumwambia dereva aende wapi. Tukabanana nyuma, binti katikati, sanduku mapajani mwa mkwe. Ofisi ya Brazil ilikuwa na mtu mmoja na feni. Akapiga muhuri, pa! Tukarudi, tukapita mji wote, tukatoka upande wa pili, ofisi ya Uruguay, pa! Nilimfanya binti anisomee yote miwili, na tarehe. Basi la saa sita lilikuwa limekwenda. Tukapanda la saa tisa.

Hatukwenda mbali. Penye kizuizi cha barabara basi likasimama, wakapanda askari wawili, wa kweli safari hii, wanaomba karatasi. Na nani wamekaa viti vya mbele? Wale vijana wangu wawili. Askari akapekua pasi zao, akapekua tena, akawaonyesha mlango. Wakashuka na mifuko yao mikubwa, warudi mjini kutafuta muhuri. Niliwahurumia, lakini si sana.

Kitabu changu alikitazama muda mrefu, kwani cha rangi hiyo pengine hakuwahi kukiona. Akafika kwenye ule ukurasa, akaweka kidole kwenye muhuri wa kwanza, akaweka kwenye wa pili, akanirudishia na kugusa kofia.

Mkwe akamnong'oneza binti jambo.

"Anasema wewe ungekuwa mkubwa wa polisi."

"Mwambie mushahara yao ni kidogo."

Binti akalala begani kwangu mpaka tulipofika. Alizaa baada ya siku kumi na moja, mtoto wa kiume, na nilimwogesha mimi, maji ya vuguvugu, mafuta niliyotoka nayo Matonge, huku mama wa mkwe amesimama mlangoni anajifunza. Nilikaa miezi miwili. Siku ya kurudi, Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels, polisi kijana alifungua kitabu, akafuata mihuri ukurasa kwa ukurasa, hakuuliza hata swali. Kesho yake saa tatu nilifungua chumba changu, na wateja wawili walikuwa tayari mlangoni wananikaripia kwa kuchelewa.