Ng'ombe wa Chuo Tuliyemficha kwa Mzee Kiwia

Enzi zetu sisi tuliokulia Mwika, mlimani Kilimanjaro, wakati wa Mwingereza, ng'ombe wa maana hakuwa yule uliyemwona zizini kwetu. Yule alikuwa wa maziwa na samadi tu, kila mpita njia alimjua. Ng'ombe wa maana alilala kwa mtu mwingine. Unampeleka kwa rafiki yako anayekaa mbali kidogo, yeye anamlisha, anakunywa maziwa, anatia samadi kwenye migomba yake, na ndama wanabaki kuwa wako. Watu wakipita kwako wanasema, "Maskini, kang'ombe kenyewe kamoja," na wewe unainamisha kichwa, "Ndiyo hivyo, tuombeane." Wenzangu wa rika langu msicheke, baba zenu walikuwa waongo hivyo hivyo.

Wa kwetu alikuwa kwa Mzee Kiwia, kule chini karibu na tambarare. Tulimwita ng'ombe wa chuo, hata alipozaa huko na kuwa watatu. Baba alimweka kwa ajili ya kaka yangu Elirehema, maana mnajua mambo yetu ya kihamba: mtoto wa kwanza anakatiwa shamba lake la migomba na kahawa, wa mwisho anabaki na nyumba ya baba na shamba linaloizunguka. Elirehema alizaliwa katikati. Wa katikati alikuwa anaambiwa katafute. Baba akasema, "Huyu kihamba chake ni shule." Hela ya kahawa iliishia kwenye kodi na mabati, kwa hiyo chuo cha ualimu chote, na ada yake, na blanketi lake, na viatu vyake, kilikuwa kinatembea kwa miguu minne kwa Mzee Kiwia.

Sisi watoto tulikatazwa kumtaja. Baba alikuwa anaongea puani akitaka kutisha: "Mtoto nitakayemsikia anasema ng'ombe barabarani, atalala zizini na kula majani!" Basi tukitaka kwenda kumwona, tunaaga kwamba tunaenda kumsalimia Mzee Kiwia. Watu walishangaa jinsi tulivyompenda yule mzee, na mwenyewe alikuwa mkali, ananuka ugoro.

Tulikuwa tunashuka mbio, mahali penye mteremko tunakalia ganda la mgomba na kuteleza mpaka gauni linapasuka nyuma. Kwenye mkoba tuna kiburu cha jana, ndizi na maharage vimeshikana kama tope, kitamu ajabu. Mimi nilikuwa na mzigo wa majani kichwani, umande unanishukia mgongoni. Elirehema anamkuna yule ng'ombe masikio na kumwambia, "Kula, bwana mkubwa, kula unisomeshe." Halafu ananigeukia mimi: "Manka, mshahara wangu wa kwanza, wewe unaingia darasani." Maana kwetu wasichana hawakusoma, nani angekata majani? Nikamwamini. Nikirudi nyumbani nawapanga kuku, nawasomesha kwa sauti ya mwalimu wa misheni: "Wewe jogoo! Simama vizuri! Shati liko wapi?"

Elirehema akafaulu. Mwalimu alipanda mwenyewe mpaka kwetu kuleta habari, amevaa kaptura imenyooka kama ubao. "Mzee, kijana amepata nafasi chuoni. Mlango ukifunguliwa, aje na ada mkononi. Asipokuja, kuna wengine."

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu kabisa, sisi watu wa mlimani. Badala ya kumuuza ng'ombe kwanza, tulipika mbege kwanza, pombe yetu ya ndizi. Mama alisema, "Baba Elirehema, mwuze tu kimyakimya, mtoto aende, tutasherehekea akirudi." Baba akamwangalia kama amesema tukapande mahindi kileleni kwenye theluji. "Mtoto afaulu, ukoo usionje? Watasema nimemroga afaulu." Mama akasaga ulezi. Ila Jumapili ile watu wakianza kuingia, alimfuata baba nyuma ya nyumba, nikamsikia kwa masikio yangu: "Kunywa. Lakini usiseme."

Mae! Yaambie maji yapande mlima.

Walikunywa kibuyu kinazunguka, wazee mbele, vijana nyuma. Jirani mmoja, mdomo mrefu, akasema, "Tumpongeze kijana, lakini ada je? Hako kang'ombe kako hata kwato hakana." Watu wakacheka. Baba akanyanyuka. Baba yangu huyo, mwenye kuficha miaka yote! Akajipiga kifua, "Kang'ombe? Nenda kwa Mzee Kiwia ukaone mtamba wangu anavyong'aa! Na mama yake! Na dume!" Mama alikuwa ameshika chungu. Hakukidondosha, alikiweka chini taratibu, akakaa kando yake.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amekaa karibu na mlango. Alitoka nje mpaka kwenye ua, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akaja kuliweka magotini pa baba mbele ya wote. Yeye sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, kila neno linatembea na fimbo: "Mdogo wangu. Wakwe wa mwanangu wamekuja mara ngapi? Nawaambia sina wa kutosha. Leo nasikia mdogo wangu anao. Niazime hao ng'ombe nimalize mahari. Ndama wa kwanza watakaozaliwa kwangu, wa kwako."

Jani la sale mnalijua, ndilo letu la kuombea msamaha na msaada. Ukiwekewa mbele ya watu, tena na kaka yako mkubwa, hukatai. Ukikataa umejitoa kwenye ukoo. Baba aliangalia lile jani, akamwangalia Elirehema, akalichukua. Wazee wakasema, "Umefanya vizuri, meku, mzee mwenzetu." Wakaendelea kunywa.

Mama aliuza ndizi, akauza maziwa mpaka sisi wenyewe tukanywa maji. Hela hazikufika popote. Chuo kilifunguliwa, na mwalimu akatuambia nafasi imechukuliwa na mwingine. Baba mkubwa hakuwa mwizi, msinielewe vibaya. Ndama hawakuzaliwa kwa wakati, basi. Elirehema akashuka tambarare kwenye mashamba ya katani, akakaa huko mpaka uzee. Akija Krismasi, mikono imechanika, anamsalimia baba mkubwa kwa adabu zote, shikamoo, na anakaa mbali naye. Mimi alikuwa haniangalii sana usoni. Ile habari ya darasa hatukuizungumza tena.

Siku hizi nawasikia wajukuu: "Bibi, boom ya mkopo wa chuo haijatoka, nirushie basi hata elfu tano." Mwingine ananiambia, miguu juu ya kochi, "Bibi mwaka huu nimeahirisha masomo." Anaahirisha chuo kama mtu anayeahirisha kuoga! Na baba zao wamejifunza. Ndugu akipiga simu kuomba hela wakati wa ada, wanamjibu, "Kaka, nipo kwenye kikao," na kumbe wako sebuleni wanakula machalari ya ndizi na nyama. Ada inalipwa, mtoto anasoma, anavaa joho. Halafu kwenye msiba watoto wa ndugu wanapeana mikono kama wageni: "Samahani, wewe ni nani?"

Enzi zetu tulijuana mpaka harufu ya moshi wa jiko la kila nyumba, na nililipenda lile. Lakini nikiulizwa, ningeomba baba awe na roho mbaya siku ile moja tu. Alitupe lile jani, ukoo ununie, tuishi na aibu yetu. Elirehema angekuwa mwalimu, na haya yote ninayowasimulia kwa mdomo ningekuwa nimeyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu.