Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Niliondoka Ihanja kwa ajili ya mke wangu, Naomi. Binti yetu Damari alikuwa amekufa kwa surua baada ya mavuno, akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo Naomi hakusali tena. Hakugombana na mtu. Jumapili alinifulia shati la kanisani, kisha akabaki nyumbani kupepeta uwele. Nami, mwalimu wa darasa la ubatizo, nilisimama mbele ya watu nikasema maneno ambayo mwenyewe hayakunifikia.

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alinieleza kwamba Manyoni yuko mwinjilisti mstaafu, Mzee Yonathani, mwenye kitabu cha Kiswahili cha tafakari kwa watu waliofiwa. Nikatia daftari na penseli mbili mkobani. Naomi alinifungia unga na karanga, akanitakia safari njema. Hakuuliza ni kitabu gani.

Siku ya kwanza nilipita Ikungi jua likiwa kali, majabali yakiwaka pande zote. Kila nilipokuta mtoto wa umri wa Damari nilipunguza mwendo, na kila mara nilijuta kupunguza.

Siku ya pili, jioni, nilifika Issuna nikiwa na malengelenge miguuni. Alinipokea mfugaji mmoja, Mzee Saidi, Mwislamu, akanipa maziwa ya mgando na ngozi ya kulalia. Aliponiuliza ninafuata nini Manyoni, nikaona haya kidogo kumjibu kwamba nafuata kitabu. Hakucheka. Alinieleza kwamba baba yake naye aliwahi kwenda mbali kwa miguu ili ajifunze kusoma Kurani, wakati ambapo ndugu zake walimhitaji machungani.

"Na alikipata alichokifuata?" nikauliza.

"Alirudi mpole," akasema. "Sisi watoto tuliona hilo linatosha."

Siku ya tatu nilifuata tuta la reli ya tawi, ambayo Waingereza walikuwa wameing'oa. Majani yalikuwa yameota palipokuwa na mataruma. Vichaka vilisongamana pande zote mbili, na kwa saa nyingi sikukutana na mtu. Huko peke yangu nilijaribu kuomba, nikaishia kulitaja jina la mtoto wangu.

Manyoni nilifika alasiri, garimoshi la reli kuu likipiga honi stesheni. Nyumba ya Mzee Yonathani ilikuwa nyuma ya soko. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza haja yangu. Akasema kitabu hakitoki, kwa sababu kila wiki huwasomea wagonjwa, lakini kama nina subira nikae ninakili.

Nilikaa siku nne. Daftari langu lilikuwa dogo kuliko kitabu, hivyo ilinilazimu kuchagua. Nilisoma sura nzima kwanza, nikajiuliza kama neno hili lingemsaidia Naomi, ndipo nikaandika. Mengi mazuri niliyaacha, kwa kuwa yalikuwa mazuri kwa mtu asiyefiwa.

Siku ya tatu nilifikia sala ya mzazi aliyefiwa na mtoto. Kichwa chake kilikuwepo, lakini kurasa zilizofuata zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nadhani niliguna, maana mke wa mzee, Mama Tabitha, aliyekuwa kizingitini akichambua mlenda, aliniuliza kuna nini. Hakujua kusoma. Nilipomweleza, aliendelea kuchambua huku akisema polepole:

"Bwana, mikono yangu ilizoea uzito wake, na sasa ni myepesi hata inauma. Siombi nisahau. Naomba uketi nami pale alipokuwa akiketi."

Niliandika, na machozi yakaiharibu karatasi, nikaandika tena. Nikamuuliza kama ndivyo kitabu kilivyosema.

"Mwanangu, nilizika watatu," akasema. "Mzee alinisomea maneno hayo kabla mchwa hawajayala. Miaka mingi nimeyasema. Ya kitabu ni yapi na yangu ni yapi, sijui tena."

Njiani kurudi niliyasoma kila nilipopumzika. Hamu ya mtoto haikupungua. Ila nilianza kuhisi kwamba yupo anayeisikia pamoja nami, na miguu ikapata nguvu.

Ihanja niliingia adhuhuri. Naomi alinipa maji, akakaa mkekani, nikamsomea tangu ukurasa wa kwanza. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za kijiji kingine, mpaka tulipofika kwenye sala ile. Akauliza nani ameiandika. Nikamsimulia habari za Mama Tabitha.

"Nataka kumwona," akasema.

Baada ya mavuno yaliyofuata alikwenda, pamoja na kaka yake. Siku kumi nilipika mwenyewe na kumngoja. Aliporudi alikuwa amekonda, na vumbi limemfunika hadi kwenye nyusi. Kabla ya kuoga aliniita nilete penseli, kwa sababu Mama Tabitha alikuwa amekumbuka maneno mengine akamfundisha, naye ameyarudia njia nzima asiyapoteze.

Nilikuwa nimetembea siku tatu nikidhani imani nitaikuta imeandikwa, niibebe mkobani. Siku hiyo nilijifunza kwamba hupitia pia kwa mtu. Nilikaa mkekani, Naomi akafumba macho, akaanza kusema, nami nikaandika.