Waya Niliouchomoa Mara Arobaini na Mbili

Nianze na kosa lenyewe, maana hata nikilificha shangazi yangu atalisema. Ni mimi niliyeharibu diski iliyokuwa na video ya pekee ya shosho, nyanya yangu mzaa baba.

Ilikuwa diski ya nje, ya kuchomeka kwa waya, ukubwa wa kipande cha sabuni. Shangazi aliniletea hadi kwangu Kabiria kutoka kwake Kinoo, ameifunga kwa leso na kuitia ndani ya mkebe wa siagi. Video ni ya dakika kumi na moja: shosho yuko jikoni kwake, anamfundisha shangazi kupika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, na kumgombeza papo hapo. Baba yangu ndiye aliyeshika simu akirekodi. Jumamosi mbili baadaye ukoo ungekutana Kinoo kwa ibada ya mwaka mmoja tangu shosho atuache, na baada ya chakula tungeitazama sote. Kazi yangu ilikuwa kuitayarisha tu kwa televisheni.

"Mami, usiiangushe," shangazi alisema. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mami, hasa akitaka kitu.

Mtu mwingine angenakili faili akanywa chai. Lakini mimi sikusomea kompyuta. Nilijifundisha kwa simu iliyopasuka kioo, na mtu aliyejifundisha hushuku daima kwamba kuna ukurasa mmoja ambao wenzake wote waliusoma, yeye tu hakuuona. Kwa hiyo najaribu kila kitu. Umeme wetu hupotea bila kuaga, na kuna swali linaloninyima raha: ukikatika wakati faili inaandikwa, mfumo wa faili utaamka na akili zake? Nimetengeneza programu ndogo inayoandika faili mfululizo, kila moja na namba yake. Ikiwa katikati ya kazi, nachomoa waya. Nikiurudisha, nahesabu faili zilizofika nzima, zilizofika nusu, na zile ambazo mfumo unaapa zipo kumbe ni tupu. Matokeo naandika kwenye daftari, kwa kalamu za rangi tatu. Najua inavyosikika.

Nikajiambia siwezi kumwachia shosho diski nisiyoijua tabia. Nikaamua kuijaribu. Kwanza niliweka nakala ya video, nikailinganisha na ile ya asili mara tatu, zikawa sawa kabisa. Ndipo nikaanza kuchomoa. Mara arobaini na moja diski iliamka salama, nami nikaanza kuipenda. Mara ya arobaini na mbili ikalia ka, ka, ka, kama mtu anayegonga geti la watu waliohama.

Sikushtuka. "Nina nakala," nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu.

Nakala ilikuwa ndani ya diski ileile. Nilikuwa nimeigawanya sehemu mbili, na kwenye skrini kila sehemu ilikuwa na jina lake na kipicha chake, kama nyumba mbili zenye milango tofauti. Nilisahau kwamba ploti, kiwanja chenyewe, ni moja.

Kesho yake kazini, Upper Hill, mwenzangu wa meza ya pili, mwenye digrii, aliniona tu akauliza, "Niaje, mbona sura ya matanga?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Yaani ulitesa hiyo kitu ndio uone kama inaweza kuteswa?"

"Nisaidie kwanza, utanicheka baadaye."

"Usijaribu kuitengeneza. Inyonye yote vile iko, kipande kwa kipande, weka kwa diski nyingine. Uokoe kwa nakala, si kwa mgonjwa." Akaniazima diski yake kubwa.

Ilichukua siku mbili. Programu ilisoma palipokubali, ikaruka palipokataa, ikarudi kubembeleza. Nilibisha kwa jirani nikamwomba asipige pasi, swichi ya ploti isije ikaanguka. Akauliza hadi lini. Nikamwambia hadi diski iseme yote. Alinitazama, akaenda kazini na shati lenye mikunjo, Mungu ambariki.

Ajabu ni kwamba ile nakala yangu ya kipumbavu ndiyo iliyosaidia: matundu ya video moja niliyaziba kwa vipande vya nyingine. Yakazibika yote isipokuwa moja.

Jumamosi ya ibada nilifika Kinoo mapema. Shangazi alikuwa anamenya viazi.

"Anti, niliharibu diski."

Kisu kikasimama. "Ilianguka?"

"Hapana. Niliichomoa waya makusudi."

"Mara moja?"

"Arobaini na mbili."

"Kwa nini, mami?"

"Nione kama itaharibika."

Akanitazama. "Ikaharibika."

"Ndiyo."

"Basi ulipata jibu." Akaweka kisu chini. Sauti ikawa ndogo. "Mama yuko ama hayuko?"

"Yuko. Sekunde ishirini tu ndizo hazikupatikana."

Akashika kisu tena, akamenya kiazi kile hadi kikabaki kama golori.

Baada ya chakula tukawasha televisheni. Shosho akatokea, akaonja, akageuka kwa shangazi na mwiko juu: "Na wewe, chumvi yako..." Picha ikaganda, sauti ikapotea. Iliporudi, baba alikuwa anacheka hadi simu inatikisika.

"Alisema nini?" sebule nzima ikauliza.

"Alisema hiyo ni chumvi ya kupewa ng'ombe!" ami mmoja akadakia.

"Ulikuwa wapi wewe?" shangazi akamrukia. "Alisema chumvi iko sawa kabisa."

"Mama? Aseme iko sawa?"

Wakageukia baba. Baba akainua kikombe cha chai, akanywa polepole sana, akakataa kutoa ushahidi. Walibishana hadi chai ikaisha, kila mmoja akimwiga shosho kwa sauti yake, na hakuna aliyeniuliza habari za diski.

Nilipokuwa nakunja nyaya, shangazi akaniinamia sikioni.

"Mami, hizo sekunde ishirini," akanong'ona, "wachana nazo."