Mgeni Aliyekuja Kioo Kikiwa Cheusi

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sitasimama kubishana na mtu. Haya sikuhadithiwa. Yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kilwa Masoko, mchana wa jua kali, redio ya jirani ikipiga kelele na muuza madafu akigombana na mteja wake mlangoni pangu. Watu hudhani mambo ya namna hii hungoja giza liingie. Nani kawadanganya?

Kazi yangu ni video za harusi, hasa upande wa wanawake, kule ambako mpiga picha mwanamume haruhusiwi kutia mguu. Nina kibanda karibu na soko, chenye meza, kompyuta na deki moja ya zamani niliyokataa kuitupa. Kwa sababu ya deki hiyo ndiyo akaja Somoe na shangazi yake.

Somoe alikuwa biharusi mtarajiwa, binti wa kijiji cha Kinjumbi, mpole, anayecheka kwa kuziba mdomo. Mama yake, marehemu Hadija, alifariki kwa homa Somoe akiwa bado ananyonya. Binti amekua hajui mama yake alikuwa anatembeaje wala anazungumzaje. Kilichobaki ni picha moja iliyofifia na mkanda wa deki ambao shangazi mtu aliufungia sandukuni miaka yote hiyo. Ndani yake, alisema, mna harusi ya Hadija mwenyewe.

"Tumeupeleka kwa mafundi wengine, wote wanasema umeoza," shangazi akaniambia. "Mwanangu, sitaki uniahidi. Nataka ujaribu tu. Huyu mtoto aolewe akiwa ameisikia sauti ya mama yake."

Ungekuwa wewe ungekataa? Nikaupokea. Nikaufungua, nikaufuta ukungu taratibu kwa pamba, nikauona bado una uhai.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kompyuta. Kile kidude changu kinachonyonya picha kutoka kwenye deki na kuiingiza kwenye kompyuta ni cha zamani. Waliokitengeneza waliacha kitambo kukitolea draiva za Windows, zile programu za kukitambulisha kwa kompyuta. Kwenye Linux, ule mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kinafanya kazi bila maneno. Lakini programu ninayokatia na kupambia video zangu iko kwenye Windows, na mkono wangu umeizoea. Nifanye nini? Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeinunua karibuni, mtumba, ina kadi ya grafiksi, ile inayotoa picha kiooni, nzuri kweli. Nikaamua kuweka mifumo yote miwili humo humo, ili nikiwasha iniulize leo naingia kwa nani.

Nilianza kwa kupiga Windows, ikakaa vizuri. Nikagawa diski, nikaacha nafasi, nikachomeka flashi yenye Linux. Nayo ikaingia. Nikazima, nikawasha, nikachagua Linux, na kioo kikawa cheusi. Cheusi ti! Nikaandika neno la amri la kuilazimisha itoe picha ya kawaida, ikaja picha kubwa kubwa, inasuasua, video inakatika kama mtu mwenye kwikwi. Nikaweka draiva ya ile kadi. Nikawasha tena. Giza. Nikaifuta, nikaweka nyingine. Giza vilevile. Harusi ilikuwa Jumamosi, na siku hiyo ninayokwambia ilikuwa Alhamisi.

Niko hivyo, nimekodolea kioo macho, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi, dada."

"Karibu, mdogo wangu," nikajibu bila kugeuka, kwa mazoea tu ya biashara.

Akacheka. "Mimi mdogo wako? Haya, asante."

Ndipo nikageuka. Mwanamke mrefu, hajafika miaka thelathini, mweusi wa kung'aa, kajifunga kanga mpya ya rangi ya chungwa. Kichwani kavaa asumini mbichi. Chini, miguu mitupu. Nikajua ni mtu wa shamba aliyekuja kwa ajili ya shughuli.

"Nimepita kuuliza ule mkanda wa Somoe," akasema. "Umeshaanza kuonekana?"

"Bado. Kompyuta imenigomea."

"Imegomaje?"

Nilikuwa nimechoka na nilihitaji mtu wa kumlalamikia, basi nikamweleza. Nikamwambia humu ndani nimeweka mifumo miwili, mmoja unafanya kazi vizuri, mwingine umenuna hautaki kuonyesha uso, na huo ulionuna ndio ninaouhitaji.

"Hao ni wake wenza," akasema. "Umemjengea mkubwa, mdogo umemweka uani. Mbembeleze."

Tukacheka, mimi na yeye, mpaka nikapangusa machozi. Niamini, tangu wiki ile ianze sikuwa nimecheka. Akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti changu, akainama kutazama. Asumini ikanijaa puani. Akasema karibu kabisa na sikio langu, "Hapo mbona naona weusi tu?"

Nami nikatazama hapo anapotazama yeye.

Unajua kioo cha kompyuta kikiwa cheusi kinavyokuwa mchana. Kinaakisi kila kitu. Nikajiona mimi na mtandio wangu umekaa upande. Nikauona mlango nyuma yangu, na barabara, na toroli la madafu, na muuza madafu anachonga dafu. Yeye sikumwona. Palikuwa na mimi na mlango, na katikati yetu hapana mtu. Na pumzi yake, wallahi, ilikuwa inanipepea shavuni.

Ungefanya nini? Sema kweli. Ungekimbia? Mimi miguu haikuwepo. Nilianza kusoma Ayatul Kursi moyoni, nikaichanganya na dua ya kula.

"Usiogope, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa bado ina kicheko ndani yake. "Mimi nimekuja harusini, sikukujia wewe. Fanya kazi yako, tena usiwe na haraka. Na mkanda ukishaanza usiukatize. Uache uende mpaka mwisho wake. Mwisho kabisa."

Halafu akaanza kuimba kwa kinywa kilichofumbwa, wimbo wa kumtoa biharusi ndani, ule wa kina mama wa pwani yetu, na vidole vyake vikipiga ngoma nyepesi kwenye mgongo wa kiti.

Kitu pekee kilichokuwa kinafanya kazi mwilini mwangu ni mikono, basi nikaiacha ifanye. Nikaingia kwa lile neno la kulazimisha, nikaifuta draiva, nikaiweka upya. Ikaniomba nitunge nenosiri, nikatunga. Nikawasha upya. Na mara hii, kwa kuwa nilishaambiwa nisiwe na haraka, ukurasa wa rangi ya buluu ulipotokea niliusoma. Ulikuwa umetokea kila mara, nami kila mara nilikuwa naupiga kofi upite. Unajua ulikuwa unasema nini? Kwamba kuna draiva ngeni inabisha hodi, na kompyuta ina kufuli la usalama, haitamfungulia mgeni mpaka mwenye nyumba aseme kwa nenosiri lake kwamba mgeni huyo anamfahamu. Ndiyo hayo tu! Siku zote nilikuwa namfungia mgeni nje mimi mwenyewe.

Nikaandika nenosiri, nikakubali. Kompyuta ikazima, ikawaka, na kioo kikafunguka. Picha ilikuwa safi kama maji ya kisima asubuhi, kila herufi imesimama wima. Furaha ilinipanda mpaka woga ukasahaulika.

"Imewaka!" nikapiga kelele, nikageuka kumkumbatia.

Hapakuwa na mtu. Harufu ya asumini ilikuwepo bado.

Nikatoka mbio nje. "Yule dada amepitia wapi?"

Muuza madafu akanitazama. "Dada yupi? Tangu adhuhuri niko hapa mlangoni kwako. Umekaa peke yako unacheka. Nikadhani unaongea na simu."

Nikarudi ndani, nikauweka mkanda kwenye deki. Ulitaka niende wapi? Kazi ya watu lazima ifanyike. Mkanda ukakoroma kidogo, rangi zikaja, sauti ikafuata: uwanja wa Kinjumbi, wanawake wamejaa, ngoma inalia. Katikati ya duara, peku, kanga ya rangi ya chungwa, asumini kichwani, anacheza yeye. Yule yule. Alipoipita kamera aliikonyeza. Nikaishika meza kwa mikono miwili, nikalia, na ninakuapia halikuwa kilio cha woga.

Harusi ikaisha, kioo kikajaa chenga. Kwa kawaida hapo huwa nazima. Nani hukaa kutazama chenga? Mkono ulishafika kwenye kitufe, nikaurudisha. Chenga zikaendelea mpaka macho yakaanza kuwasha. Nje wakaadhini alasiri. Ndipo zikapasuka.

Kibaraza. Hadija amekaa mkekani, amemlaza kichanga mapajani, anamwuliza mtu aliyeshika kamera, "Imewaka? Kweli imewaka?" Halafu anamtazama mtoto. "Somoe wa mama. Wewe ukija kuolewa nitacheza mpaka watu waniambie nikae chini, na sikai. Nikichelewa msinisubiri, nyinyi kuleni. Lakini nitakuja, eh? Harusi ya mwanangu siikosi."

Kichanga kikapiga chafya. Akacheka kicheko kile nilichokuwa nimekisikia sikioni mwangu. Mkanda ukaisha.

Usiku wote huo niliufanyia kazi upande wa Windows, nikasafisha rangi na sauti, na kompyuta haikunigomea hata mara moja. Jumamosi alasiri, kwa shangazi mtu, tukatundika shuka nyeupe ya kurushia video kwenye ukumbi wa wanawake na kufunga madirisha. Somoe aliketi mbele, hina mikononi, tayari amepambwa. Ngoma ya mama yake ilipoanza, ukumbi ulipiga vigelegele. Ilipofika kibarazani, hata watoto walisogea karibu na shuka.

"Nitakuja, eh? Harusi ya mwanangu siikosi."

Somoe hakuziba mdomo. Alicheka na kulia kwa pamoja, kwa sauti kubwa, na ajabu ni kwamba kicheko kilikuwa kile kile. Ukumbi mzima ulikitambua. Shangazi akasimama akaijibu shuka: "Karibu, wifi yangu! Chakula tumekubakizia!" Basi nani angekaa tena? Ngoma ilipigwa mpaka vumbi likaingia kwenye pilau. Somoe alimaliza harusi yake akicheza peku, viatu vya dukani kavitupa huko.

Baadaye nilimvuta shangazi pembeni, nikamweleza yote, nikitegemea atanishika mkono anipeleke kwa shehe. Hakushtuka. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na furaha?"

"Sana," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," akasema, akarudi kucheza ngoma.

Tangu siku hiyo sijawa yule niliyekuwa. Kompyuta ikizimwa naifunika kwa kitambaa, siwezi kukaa nacho kile kioo kitupu. Mkanda wa mtu sizimi ukifika kwenye chenga, hata kama ni saa nzima ya chenga. Na sasa wananiletea kutoka kila mahali, Songo Songo, Kilangala, mpaka Lindi mjini, maana habari za kibanda changu zimesambaa.

Kwa hiyo nawe unayenisikiliza, nakuonya kwa wema. Ukiweka mifumo miwili, anza na Windows, hifadhi vitu vyako kwanza, na ukurasa wowote usiouelewa usiupite kabla ya kuusoma. Mikanda iliyo sandukuni kwenu itoe kabla ya masika, ukungu haumwonei mtu huruma. Ukitaka mimi nikufanyie kazi, nitaifanya kwa moyo mmoja. Ila usinifiche: niambie mapema, katika wote waliomo mkandani, nani yu hai na nani ametangulia, ili nikisikia hodi mlangoni nijue nichemshe chai ya watu wangapi.