Albamu Tuliyorekodi Ipuli

Kabla sijawa mpiga besi wa bendi nilikuwa mpiga besi wa kwaya. Mwenzetu aliyekuwa akilipiga gita hilo kanisani alihamishiwa Kigoma, na mwalimu wa kwaya akasema chombo hakiwezi kuning'inia ukutani kama picha. Akanitazama mimi, kwa sababu nina vidole virefu na sikuwa na mume wa kumuomba ruhusa. Nikajifunza.

Mtu niliyekuja kumwita kaka alinisikia kwenye harusi moja hapa hapa Ipuli, mjini Tabora. Wiki ileile akaja nyumbani kwa mama akiwa amebeba mche wa mparachichi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuuza miche. Alikuwa na kitalu kando ya barabara iendayo Isikizya. Alimwamkia mama shikamoo, akampa ule mche, akakaa, akaeleza kwamba yeye ana gita, rafiki yake ana dramu, na wanatafuta mtu wa besi asiyependa kujionyesha. Mama akamuuliza wanapiga muziki gani. Akasema bluzi, ila ya umeme, yenye nguvu kidogo. Mama hakujua bluzi ni nini, wala mimi sikujua.

"Ni muziki wa mtu aliyechoka ambaye bado anatembea," alimwambia.

Mama akasema basi huo ni wa kwetu, akaenda kuchemsha chai.

Mgeni alikuwa amenizidi kama miaka kumi, kwa hiyo nilimwita kaka tangu siku ile, na mkewe nikamwita wifi. Mpiga dramu alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mtaa mzima ulimwita fundi, nasi tukamwita hivyo. Yeye aliniita mwalimu, kwa kuwa nafundisha shule ya msingi. Tulikuwa sisi watatu tu, na mazoezi tulifanyia kwenye karakana yake siku za Jumapili mchana, baada ya ibada, katikati ya vyuma.

Bluzi kaka aliisikia utotoni, kwenye kanda ambayo baba yake, mfanyakazi wa reli, aliiokota ndani ya behewa. Kanda haikuwa na jalada, na mpaka leo hatujui aliyeimba alikuwa nani. Mtu anaimba mstari, anaurudia, kisha anaujibu. Bibi yake kaka alikuwa akiimba vivyo hivyo akitwanga, nyimbo alizozirithi kwa wazee waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani. Mmoja anaanzisha, wenzake wanarudia, jibu linakuja, na miguu inaendelea. Kaka hakuwahi kudai kwamba hawa walichukua kwa wale. Alisema tu kwamba mzigo ukiwa kichwani pumzi hutoka kwa namna hiyo, popote pale.

Watu wa mjini hawakujua watuweke wapi. Kwenye harusi walitaka nyimbo za Dar es Salaam za kurukaruka, na sisi tulikuwa tukipiga vitu ambavyo bibi harusi angeweza kuvililia. Waliotupenda walikuwa wachimbaji wa dhahabu wa kule Nzega. Kulikuwa na baa moja iliyotualika siku za mnada, nao walikuja na vumbi la mashimo kwenye nyusi, wakakaa kimya, wakasikiliza kama watu walioitwa kwenye kikao cha ukoo. Walikuwa na wimbo mmoja waliouomba kila mara. Ulimhusu mpagazi aliyeugua njiani akaachwa na msafara, na anamwita mama yake kwa Kinyamwezi: "Mayu, fungua mlango, mzigo nimeuacha njiani." Mara nyingine tuliupiga hadi vidole vyangu vikawaka moto.

Wazo la albamu lilikuwa la kaka. Alitaka nyimbo zote ziwe za barabara ile ya zamani ya wapagazi: waliokwenda, waliokufa, wake waliobaki wakilima mashamba peke yao. Tukapata studio hapa Ipuli, chumba cha nyumba ya mtu mmoja aliyezoea kurekodi kwaya. Kuta alikuwa amezifunika kwa magodoro. Feni ilibidi izimwe kwa sababu ya kelele, na Oktoba ya Tabora mnaijua. Kaka alivua shati. Fundi alifunga kitambaa kichwani ili jasho lisimwingie machoni. Umeme ulikatika, tukangoja, ukarudi, tukaanza upya.

Tulirekodi vyombo kwanza. Kaka aliimba pamoja nasi, lakini ile ilikuwa sauti ya muda, ya kutuongoza tu tusipotee. Sauti yenyewe angekuja kuiweka baadaye, akiwa ametulia. Siku tuliyomaliza vyombo tulikula mishikaki barabarani, na kaka akasema kazi ngumu imekwisha, iliyobaki ni ya koo lake.

Wifi alinipigia simu nikiwa darasani. Sikupokea. Akapiga tena, nikatoka nje. Aliniambia amemkuta kaka ameanguka kati ya miche, mpira wa maji bado unatiririka, upande wa kulia wa uso umeshuka. Nilimwomba mwenzangu aniangalizie watoto, nikaenda hospitali nikiwa na chaki mkononi.

Kilikuwa kiharusi. Hakufa. Alirudi nyumbani akiburuta mguu, mkono wa kulia ukiwa mzito kama wa mtu mwingine, na maneno yakiwa yamepotea yote isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "kesho". Ukimuuliza kama ana njaa, alijibu kesho. Ukimuuliza kama anaumwa, kesho. Alitusikia na kutuelewa vizuri, na alijua kwamba analolitoa silo analolitaka, kwa hiyo alilisema kwa hasira, au kwa kubembeleza, au kwa kuuliza, akijaribu kuligeuza liwe maneno mengine. Watoto wa jirani walicheka. Wifi akawafukuza, kisha na yeye akacheka, kisha akaingia jikoni akakaa huko muda.

Mimi na fundi tulikwenda kumwona kila Jumapili kwa saa zilezile za mazoezi. Tulizungumza sisi, yeye akatazama. Siku moja fundi alitoa simu akafungulia ule wimbo wa mpagazi, ule wa vyombo na sauti ya muda. Kaka alifumba macho. Ulipofika mahali pa kuitikia, akafungua mdomo akaimba. Aliimba maneno yote. "Mayu, fungua mlango, mzigo nimeuacha njiani." Maneno yalitoka mazima, moja baada ya jingine, kwa sauti iliyopasuka lakini yake.

Wifi alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini, akaja akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Niite," alimwambia. "Niite jina langu."

Kaka alimtazama. Midomo ilihangaika. Mshipa ukamtoka shingoni.

"Kesho," alisema.

Wifi akamwomba tena, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto kwenye ngazi. Akapewa neno lilelile. Akainuka, akarudi kwenye ungo wake.

Daktari alitueleza baadaye kwamba mahali pa kutunga maneno ndipo palipoumia, na kwamba nyimbo alizozizoea mtu hukaa mahali pengine. Alisema wapo wengi wa namna hiyo. Fundi alichosikia ni kwamba albamu inaweza kumalizika, na alilisema hilo mbele ya wifi mapema mno. Wifi alimjibu bila kupandisha sauti. Alisema sisi tunatafuta sauti, yeye anatafuta mume, na kwamba tukishapata chetu tutaondoka nacho, naye atabaki na neno moja. Kwa majuma kadhaa hatukuligusa tena jambo hilo.

Aliyelirudisha ni yeye mwenyewe. Alinifuata shuleni wakati wa mapumziko, akanikuta nasahihisha madaftari, akauliza kama inawezekana jina lake liingizwe kwenye wimbo. Kama kaka anaweza kuimba, basi aimbe jina. Nikamwambia tujaribu. Jina lake lina silabi mbili, kama mayu, kwa hiyo lilikaa vizuri kabisa pale mwanzo wa mstari. Jioni ile nikaenda na gita, fundi akapiga mapaja kwa viganja, mimi nikaimba nikitanguliza jina la wifi, na kaka akanifuata.

Aliimba, "Mayu, fungua mlango."

Tukarudia. Nikalivuta jina, nikalipunguza, nikaimba nikiwa karibu kabisa na sikio lake. Kila mara alikuja nami mpaka ukingoni, na kila mara ikatoka mayu. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja, lile la upande mzima. Wifi alikuwa ameketi mkekani, magoti ameyakumbatia.

"Basi, mwalimu," alisema mwishowe. "Msimchoshe. Nitaitika hilo hilo."

Na kweli aliitika. Tangu siku hiyo kaka akimhitaji aliimba lile neno mayu, kwa sauti yake ileile ya wimbo, naye akajibu abee kutoka jikoni, kutoka kisimani, kutoka kitaluni ambako sasa yeye ndiye aliyemwagilia miche. Majirani wapya walidhani ndivyo walivyozoea kuitana.

Tulimpeleka studio kwa bajaji. Wifi alikaa naye ndani ya chumba cha kurekodia, amemshika ule mkono mzito ili usimteleze gotini. Kwa zile nyimbo alizozizoea miaka mingi hakuhitaji chochote, tulimfungulia vyombo naye akaingia mahali pake. Kwa zile mpya mwanzo ulimpotea, ikabidi niketi mbele yake nifungue mdomo bila kutoa sauti, naye asome midomo yangu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Palikuwa na mahali hewa ilimwisha katikati ya neno, akameza mate, akamalizia. Mwenye studio alisema mashine yake inaweza kunyoosha zile sehemu, hakuna atakayejua. Fundi akamwambia aziache. Akasema mpagazi hakunyooshewa njia na mtu.

Wimbo mmoja haukuwezekana. Kaka alikuwa ameutunga wiki chache tu kabla ya kuanguka, na maneno yake hayakuwa yameingia vizuri kichwani. Aliguna tu, mwanzo mpaka mwisho, akiufuata muziki kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Tukauliza kama tuurudie. Akatikisa kichwa. Tukauacha hivyo, na kwenye albamu umekaa hivyo.

Kiharusi cha pili kilikuja na mvua za masika, kabla albamu haijatoka. Hakikumpa nafasi. Tulimzika kijijini kwao, upande wa Isikizya, kwenye udongo uliolowa kiasi kwamba wachimba kaburi walilazimika kwanza kuchota maji yaliyojaa shimoni. Kwaya yetu iliimba, na mimi niliimba nayo bila gita, maana huko hakuna umeme. Wimbo wake hata mmoja haukuimbwa. Mzee wa kanisa alituuliza kama tunao wa kufaa, tukatazamana na fundi, tukasema hapana. Ule wa mpagazi nisingeufikisha mwisho, na mama mzazi wa kaka alikuwa ameketi pale mbele.

Albamu tuliiweka mtandaoni kama wanavyofanya wote. Wasikilizaji ni wachache. Baa ya Nzega wanaipiga, na fundi aliniambia ameikuta kwa muuza vocha mmoja kule kule. Tulijaribu kutafuta mwimbaji mwingine. Akaja mmoja mwenye sauti nzuri kuliko ya kaka, kijana wa heshima, akaimba vizuri sana, na katikati ya wimbo wa pili fundi aliweka vijiti chini akasema anasikia kiu. Hakurudi kwenye dramu siku hiyo. Sasa amehamia Kahama, anachomelea kwenye migodi. Mimi nimerudi kwenye besi ya kwaya.

Wifi hajawahi kuisikiliza albamu. Nilimpelekea ikiwa kwenye CD, akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia hizo ni nyimbo na nyimbo alikuwa nazo za kutosha. Ila mwaka jana aliniomba kitu kingine. Alitaka kujua kama, zile siku za mwanzo tulipokuwa tukirekodi vyombo, mashine ilinasa na maneno ya kawaida katikati ya nyimbo: kaka akiomba maji, akimtania fundi, akilalamika joto. Alitaka kumsikia akizungumza. Yeye na kaka hawakuwahi kujirekodi; nani hurekodi mazungumzo ya nyumbani?

Nilikwenda kwa mwenye studio. Alitafuta kwa moyo, nilimwona. Lakini alikuwa amekata na kufuta kila kisichokuwa muziki, ili kupata nafasi ya kwaya nyingine, kama ilivyo kazi yake. Kilichobaki kilikuwa mwanzo wa wimbo mmoja ambao alisahau kuukata. Kaka anakohoa, kiti kinalia, kisha anasema, "Haya jamani. Moja, mbili, tatu," na muziki unaanza.

Nikamwekea wifi kwenye simu yake. Aliusikiliza mpaka kwenye tatu, akauzima kabla gita halijaingia, akaurudisha mwanzo. Tulikuwa tumeketi kitaluni kwenye ndoo zilizogeuzwa. Alipomaliza aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akaenda kunipakulia karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa.